Besi Isiyopumua

Naanza kwa kukiri, ili mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani. Kitu cha kwanza kabisa nilichofanya na kile kifaa cha kuvumisha nyuzi, kabla sijajua hata upande wake wa mbele ni upi, ni kutoa betri kwenye redio ya mama yangu nikakiwekea. Redio niliirudisha juu ya kabati, nikaifunika na kile kitambaa chake cha maua, nikarudi hatua moja nyuma kuangalia kama imekaa sawa. Ilikaa sawa kabisa. Jioni mama alipozungusha swichi na redio ikamnyamazia, nilimwambia, kwa sauti ya mwanafunzi anayefanya fizikia, kwamba mvua ya mawe ya juzi imegonga mitambo ya kurushia sauti na mafundi wanashughulika.

Mama aliniamini. Akasema, "Basi Mungu awape nguvu hao mafundi," akaenda kukamua ng'ombe.

Sasa nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba na nusu, nimepiga besi katika bendi ya kanisa letu hapa Boito miaka mitatu bila likizo, na muhula huu mkuu wa shule na mama yangu wamekubaliana jambo moja juu yangu, kitu ambacho hakijawahi kutokea: kwamba mpaka nimalize mtihani wa kidato cha nne nisionekane karibu na chochote chenye waya. Kwa hivyo gitaa linabaki, spika inabaki, kifaa kinabaki. Mmoja wenu nyinyi wa kidato cha kwanza na cha pili, mnaochungulia dirisha la kanisa kila Jumamosi mkidhani hatuwaoni, ndiye atakayerithi. Mtu akitoka kazini anakabidhi funguo na kusema mambo mawili matatu. Funguo ziko kwa mchungaji. Mambo mawili matatu ndiyo haya.

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Ukubwa wake ni kama kipande cha sabuni iliyotumika nusu, kina rangi ya fedha, taa moja ndogo, swichi moja, na nyumba ya betri ya mraba ile ya redio ndogo. Kiliachwa na mgeni mmoja aliyekaa kwa mchungaji miezi mitatu akifundisha watu gitaa. Alipoondoka aliacha boksi: nyuzi kuukuu, mkanda wa gitaa, kaseti bila jina, na hicho kitu, bila karatasi ya maelezo. Tulikizunguka kama kuku wanaomzunguka kinyonga. Binamu yangu Weldon, anayepiga gitaa la solo, alikipitisha kidevuni kwa dakika tano nzima kama mtu anayenyoa, akaniuliza kama naona tofauti. Nikamwambia naona, kidevu kinang'aa. Hakikuwa hata na betri.

Aliyejua ni Fundi Otieno. Huyu mnamfahamu, lakini mnamfahamu akipiga ngoma. Besi ni yeye aliyenifundisha. Ni fundi wa umeme katika kiwanda cha majani ya chai pale juu ya kanisa, mtu wa kutoka upande wa ziwa, na kazi yake kubwa ni kufungua mota zilizoungua na kuzifunga waya upya. Alikigeuza kile kifaa mara mbili, akakipeleka kwenye bisibisi yake, bisibisi ikavutwa kidogo. Akacheka peke yake.

"Omera, hii ina koili mbili," akaniambia. Omera kwao ni kumwita mtu ndugu. "Moja inasikiliza uzi. Ya pili inausukuma. Umeshawahi kusukuma mtoto kwenye bembea?"

"Nimesukuma Chebet akaanguka." Chebet ni dada yangu mdogo.

"Kwa sababu ulisukuma wakati mbaya. Hii inasukuma wakati mzuri. Kila uzi ukirudi, inausukuma tena. Uzi hauwezi kuzimika."

"Hauwezi kuzimika mpaka lini?"

"Mpaka betri iishe ama uchoke wewe."

Akatuambia kwao kuna orutu, ala ya uzi mmoja inayosuguliwa kwa upinde, na kwamba babu yake alikuwa akiivuta mpaka jasho linadondoka. "Hii ni orutu," akasema, "lakini mzee wake haonekani."

Nilienda nyumbani nikiwa na hayo maneno kichwani, na hapo ndipo nilipoiona redio ya mama.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, tulikuwa watatu kanisani: mimi, Weldon na Fundi. Nataka niwaeleze polepole, kwa sababu mambo yaliyotokea pale sijaweza kumweleza mtu akanielewa, na nyinyi nawategemea.

Kwanza nilifanya kosa ambalo na nyinyi mtalifanya. Nilikipeleka kwenye uzi mnene kuliko wote, kwa sababu besi ni uzito, si ndiyo? Uzi ulikaa kimya kama mtu aliyedaiwa jibu la hesabu. Nikakisogeza, nikakibonyeza, nikakisemesha. Hakuna.

"Huyo ni mnene sana, hiyo koili haimwezi," Fundi akasema. "Enda kwa mwembamba. Muache wazi, usibonyeze chochote."

Nikaenda kwa mwembamba. Nikakishikilia juu ya uzi bila kugusa. Nikasubiri. Nilikuwa karibu kusema kitu cha kuchekesha, nilikuwa nimeshakiandaa kabisa, ndipo nikahisi tumboni. Nasema tumboni kwa sababu masikio yalikuwa hayajapata habari. Kitu kilianza kuinuka kutoka sakafuni, kikapanda miguu ya viti, kikaingia kwenye vioo vya madirisha, na ndipo ikawa sauti: moja, nzito, laini, isiyo na mwanzo. Mnajua besi ikichapwa inasema "du" halafu inakufa. Hii haikusema "du". Ilikuwa tu ipo, kama iliyokuwepo kabla hatujajenga kanisa, na sisi ndio tumeingia tukaikuta.

Na mkono wangu wa kulia ulikuwa umetulia tuli. Hakuna aliyechapa uzi.

Weldon alienda akaangalia nyuma ya spika kama kuna mtu.

"Simamisha," akasema.

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Sitaki."

Halafu ikaanza kutikisika. Wau… wau… wau… kama mtu anafungua na kufunga mlango mkubwa mbali sana. Nikadhani nimeiharibu. Fundi akainua kidole. "Hiyo si gitaa. Hizo ni feni zetu."

Wadogo zangu, nimezaliwa chini ya feni za kukaushia majani. Zinavuma mchana na usiku, na kwa sababu hiyo hakuna mtu Boito anayezisikia, kama vile husikii ulimi wako mwenyewe. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani nilizisikia. Feni zinavuma noti moja, na uzi wangu ulikuwa karibu na noti hiyo, karibu lakini bado, na zile sauti mbili zilikuwa zinasukumana. Fundi akashika kigingi cha gitaa akakizungusha kidogo, kidogo sana. Wau ikawa ndefu. Wauuu. Akazungusha tena. Wauuuuuu. Halafu ikakoma, na kiwanda na gitaa vikawa kitu kimoja, na sikuweza tena kujua ni ipi ninayoishika mkononi na ipi iko kule mlimani na mabomba yake na watu wake wote.

Tulikaa hivyo, sijui dakika ngapi. Weldon alikuwa ameketi chini. Mimi, ambaye mwalimu wa zamu ameniandika mara kumi na moja kwa kupiga kelele, nilikuwa nimeinamisha kichwa nikisikiliza.

Somo la kwanza ndilo hilo: mkitaka kulinganisha ule uzi mwembamba, subirini feni, sikilizeni ile wau mpaka ifariki. Ni bure na haidanganyi.

Somo la pili ni la nyuzi. Hiki kifaa kinataka uzi wa chuma, na kinautaka msafi. Weldon alikijaribu siku nzima kwenye gitaa lake la nyuzi za nailoni, akasema kifaa kina upendeleo. Ukungu wetu huu wa asubuhi unaingia kwenye nyuzi, zinaota kutu, na uzi wenye kutu ni mzito wa kuamka. Nyuzi mpya za besi huku hazipatikani, hata mjini Litein niliulizia nikaambiwa nijaribu duka la waya za ua. Kwa hivyo zivueni mzichemshe kwa maji na sabuni kidogo, dakika kumi, mzikaushe juani. Zinarudi kama mpya. Lakini chemsheni kwenye mkebe. Mimi nilitumia sufuria ya maziwa, na chai ya jioni hiyo baba aliisifu kwa mgeni, akasema majani ya mwaka huu yana nguvu.

Somo la tatu nitalitoa baadaye kidogo, kwa sababu nililipata nikiwa na shida, na lazima mjue shida yenyewe.

Redio ya mama si ya muziki. Mama yangu anafungua redio mara moja kwa siku, jioni, wakati wa matangazo ya vifo katika lugha yetu. Mnajua inavyokuwa. Kila nyumba ina huo wakati. Watu wananyamaza, kijiko kinawekwa chini, hata mbwa anaangaliwa vibaya akijikuna. Majina yanasomwa, ya marehemu, ya baba yake, ya watoto, ya wajukuu walioko mbali, halafu siku ya mazishi na mahali. Ndiyo barua yetu. Asiye na simu, na kwetu nani ana simu, anajua kwa redio.

Betri niliitoa Jumatatu. Nilipanga niirudishe baada ya mazoezi ya Jumamosi.

Subirini, najua mmeona. Mazoezi niliyowaeleza yalifanyika, na kufanyika kwake kunanitia aibu mpaka leo, kwa sababu siku mbili kabla yake, Alhamisi, mambo yalikuwa yameshaharibika.

Alhamisi tulikuwa kwenye foleni ya kituo cha kupimia majani, mama na kikapu chake mgongoni, mimi na changu nyuma yake, nikimwiga karani wa mizani ili wasichana wa mbele wacheke. Mama Chelangat, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, akaacha nafasi yake kwenye foleni akaja akamshika mama mikono miwili.

"Pole sana, mama Kiplangat. Pole kwa Senge."

Senge kwa lugha yetu ni shangazi. Mama akatabasamu tabasamu la mtu aliyesalimiwa kwa jina la mwingine. "Senge gani?"

"Si huyo wako wa Londiani."

"Amefanya nini?"

Mama Chelangat akaniangalia mimi, akamwangalia mama. "Wametangaza tangu Jumanne," akasema kwa sauti ndogo. "Anazikwa kesho. Jina lako wamelisoma. Mimi nilidhani umeshaenda na umerudi."

Mama hakulia. Aliteremsha kikapu akakiweka chini, na majani yaliyokuwa juu yakamwagika, na hakuyaokota, na mama yangu anaokota jani moja likianguka. Huyo Senge ndiye aliyemlea kuanzia alipofiwa na mama yake akiwa na miaka minne. Alimfundisha kukamua, kusoma, na kuimba. Mama akauliza kitu kimoja tu, na aliuliza akiangalia mizani: "Jumanne jioni mlisikia redio? Haikuwa imeharibika?"

"Redio iko sawa tu," Mama Chelangat akasema.

Tulipofika nyumbani aliifungua redio mgongo, akaona pale pako wazi. Akaifunga. Akaanza kupanga nguo za safari.

Ijumaa tuliondoka kabla ya jua, lakini kutoka kwetu mpaka Londiani ni kubadilisha gari na kungoja, na tulifika adhuhuri. Baridi ya kule ni ya viazi na misonobari, unapumua moshi. Watu walikuwa wameshazunguka kaburi. Jeneza lilikuwa limeshafungwa. Kwetu mtu anapita kwa marehemu wake, anamwangalia uso, anamwambia lile analotaka kumwambia. Mama alisimama mbele ya mbao. Mjomba mmoja akauliza, bila ubaya, "Ulichelewa wapi, na wewe ndiye tulikungoja?" Mama akasema, "Sikusikia." Hakunitaja. Ningefurahi angenitaja.

Na Jumamosi, wakati yeye amebaki Londiani na wafiwa, mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya ng'ombe, na saa nane nikashuka kanisani. Betri ilikuwa bado ndani ya kifaa. Nilijiambia naenda kuitoa. Nikaitoa, ndiyo, jioni, baada ya yale niliyowaeleza. Mkitaka kujua mtu anawezaje kushangaa na kuona aibu kwa tumbo moja, mje mniulize.

Mama aliporudi, redio ilikuwa inaongea. Yeye aliacha kuongea. Na mimi tu, nawaambia. Na wengine alikuwa vile vile. Wiki tatu na siku mbili mama hakunielekezea neno. Chakula alinipakulia, tena kingi. Shati langu la shule lilifuliwa. Lakini maneno yalipita kwa Chebet: "Chebet, mwambie mwenye kiatu hiki kwamba mlangoni si mahali pake." Chebet akienda shule, yalipita kwa ng'ombe wetu, Samo. "Samo, naona nyasi yako haijaletwa. Aliyeagizwa labda ana mtihani." Samo ananiangalia, mimi namwangalia Samo. Niliomba msamaha mara nne. Mara ya nne aliniangalia mpaka nikamaliza, akachukua kikapu chake akaingia kwenye majani.

Mimi ni mtu wa utani, mnanijua. Nilijaribu utani. Nilimjibu mama kwa sauti ya Samo. Zamani hilo lingemfanya mama acheke mpaka ashike ukuta. Aliendelea kukamua.

Halafu mchungaji akatangaza kwamba kanisa litafanya ibada ya kumkumbuka Senge hapa kwetu, kwa sababu mama hakumuaga vizuri. Mama ataimba ule wimbo aliofundishwa naye, ule wa polepole wa lugha yetu, ambao mwisho wa kila ubeti kuna noti moja ndefu ya kuvutwa. Mmeshamsikia akiuvuta. Kwaya haiingii mpaka yeye amalize, na hakuna anayejua atamaliza lini.

Nilimwendea Fundi kiwandani, langoni, akiwa na mafuta mpaka viwikoni. Nikamwambia ninachotaka: kushika noti moja chini ya mama, wimbo wote, na kile kifaa.

"Betri utatoa wapi?" akaniuliza, na jicho lake moja lilikuwa limefungwa.

Nikaangalia viatu vyangu.

"Nitakupa ya tester yangu mwenyewe, ile ya kupimia umeme. Lakini kwanza mama yako aulizwe. Akisema hataki kusikia hiyo kitu, mimi mwenyewe nitakung'olea waya. Tumesikizana?"

Nikamtuma Chebet. Chebet akarudi na jibu: "Mama amesema kanisa si lake."

"Amesema hivyo tu? Alikuwa na uso gani?"

"Uso wa mama," Chebet akasema, akaenda zake kucheza.

Fundi alilipima hilo jibu siku nzima, akaamua si hapana.

Basi somo la tatu, nililolipata katika wiki ile. Gitaa la solo nyuzi zake zimekaribiana, na kifaa kimetengenezewa hilo: kina mifereji miwili chini, kinakalia nyuzi za kando na kuusukuma wa katikati. Besi si hivyo. Nyuzi za besi zimekaa mbali mbali kama nyumba za watu waliokosana, kifaa hakina pa kukalia. Lazima ukishike wewe mwenyewe hewani, na kati yake na uzi iwe nafasi ya punje ya mchele. Ukigusa uzi, spika inatoa mvua ya mawe kwenye mabati. Ukipanda juu kidogo, uzi unasahau. Mkono ukitetemeka, kanisa zima linajua unaogopa. Dawa ni hii: kiwiko kikae juu ya tumbo la gitaa, kidole cha mwisho kisimame kwenye mbao kama mguu wa stuli, na upumue polepole. Tumia nyuzi mbili nyembamba, na ukibonyeza, bonyeza kuanzia chuma cha tano cha shingoni kupanda, huko uzi unakubali haraka. Uzi ukikataa, uguse kwa ncha ya kidole cha kushoto, kidogo, uamke, halafu kifaa kitauchukua.

Na hili ni la Fundi mwenyewe: sauti kubwa au ndogo haiko kwenye spika, iko mkononi. Kwenye besi kuna zile sumaku zinazosikia nyuzi. Telezesha kifaa kuelekea sumaku, sauti inafura; kirudishe kuelekea shingo, inainama. Nilifanya mazoezi ya kufura na kuinama mpaka mkono ukaota ganzi. Kila nikiongeza noti za mapambo, kwa sababu mnajua mimi na mapambo, Fundi alipiga ukingo wa ngoma kwa kijiti. "Omera! Nani amekuambia utembee? Kaa hapo. Kazi yako ni kuwa sakafu."

Jumapili ilifika. Kanisa lilijaa mpaka nje, na wafiwa wa Londiani walikuwa mstari wa mbele na makoti yao mazito. Mama alisimama na gauni la bluu. Hakugeuka upande wa bendi. Niliwasha kifaa, nikakileta juu ya uzi, nikangoja noti iinuke, ndogo, chini kabisa ya kusikia. Mama akaanza kuimba.

Ubeti wa kwanza aliuvuta kama kawaida yake. Wa pili vile vile. Mimi nilikuwa sakafu. Sidhani watu walijua kuna gitaa. Nilimwona mzee mmoja anaangalia dari.

Ubeti wa tatu, kwenye ile noti ndefu, sauti yake ilikatika. Haikushuka, ilikatika, kama uzi. Alisimama mdomo wazi na hakuna kilichotoka. Kwaya haikuingia, kwa sababu kwaya haiingii mpaka yeye amalize. Mchungaji alishika Biblia yake kifuani. Katika kanisa lote lenye watu mpaka mlangoni, kilichobaki ni noti yangu.

Haikuwa na mahali pa kwenda. Ilibaki ikimshikia mahali pake. Nikatelezesha mkono kuelekea sumaku, taratibu, upana wa ukucha, ukucha tena, na ikafura. Ikaingia kwenye mbao za viti. Mtoto mmoja aliyekuwa analia alinyamaza akaweka kiganja ukutani. Nje feni zilikuwa zinavuma, na nikasikia ile wau ikipita mara moja, ndefu, halafu zikalingana, na mlima wote ukawa unavuta noti ya Senge. Mimi niliyeshika kifaa, niliyejua kuna koili mbili na betri ya tester, nilikuwa naogopa kama wengine. Kujua koili hakukunisaidia chochote.

Mama akavuta pumzi. Niliisikia kutoka nilipokuwa. Akairudia noti pale pale ilipokatika, juu ya yangu, na sasa hakuivuta. Aliilalia tu, machozi yakimshuka bila kuyafuta, na kila alipoishiwa pumzi alinyamaza, akapumua, akarudi, na mahali pake palikuwa bado papo. Sijui ilichukua muda gani. Wanawake wa Londiani walisimama, mmoja mmoja. Fundi alikuwa na vijiti vyote viwili hewani na amesahau kuvishusha.

Halafu mama akafumba macho na kufunga mdomo. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka nne. Nikainua kifaa. Noti ikaondoka. Mchungaji ilimbidi akohoe mara mbili ndipo apate "Amina".

Baada ya ibada watu walikuwa nje wakinywa chai. Mimi nilibaki ndani nikikunja waya, polepole kuliko ilivyohitajika. Nikaona gauni la bluu limesimama mbele ya spika. Hapakuwa na Chebet. Hapakuwa na ng'ombe. Aliangalia gitaa kwanza, halafu mkono wangu wa kulia, halafu mimi, uso mzima, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu na siku mbili akanitaja jina. Nayaandika maneno yake kama yalivyo, sikuongeza wala kupunguza:

"Kiplangat, ulitoa mkono mapema. Mimi nilikuwa bado."